Mwanamke Aliyetaka Nitangulie

Mwenzangu wa kazini alikuwa na tabia ya kunipita kwenye korido kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta. Tulifanya kazi maabara moja kule Maple Grove, kwenye kiwanda cha vifaa vya hospitali, meza zetu zikitazamana, na tulikuwa tumezoeana kiasi cha kuulizana habari za nyumbani. Lakini kuna asubuhi nilimnyooshea mkono akaniacha nao hewani. Siku nyingine nilimsalimu tukiwa tumepishana kwa hatua moja, asigeuke. Dakika kumi baadaye anakuja mezani kwangu na tabasamu lake, ananiuliza kama nimelala vizuri.

Mimi ni mtu wa Makete. Nilikuja Minnesota kusoma, nikamaliza, nikapata kazi, nikaolewa na Mtanzania mwenzangu kutoka Tanga ambaye ni nesi, tukahamia Brooklyn Park. Kazi yangu ni kukagua. Kifaa kinapita mikononi mwa watu wengi ambao wote wamesema kiko sawa, kisha kinafika kwangu, na mimi nalipwa kwa kutomwamini hata mmoja wao. Kazi ya namna hiyo haibaki kazini. Unarudi nayo nyumbani, unaenda nayo dukani na kanisani. Kwa hiyo mkono ule ulioachwa hewani sikuusahau. Watu wa huku hawakuambii jambo baya usoni. Chakula chako watasema kina ladha ya pekee, wazo lako watasema linavutia, na siku watakayokuchoka utajua kwa kuona hawakualiki tena. Nilimtazama yule mama, mrefu, mpole, nywele zimeanza mvi, nikajisemea: huyu ana nyuso mbili.

Kilichotuweka pamoja ni skii. Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo niliamua kwamba sitakaa tena ndani miezi yote ya baridi kama kiazi ghalani. Kuna kilima Burnsville ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Nikakodi viatu na zile mbao mbili ndefu, nikaanguka kutwa nzima katikati ya watoto wa chekechea. Jumamosi iliyofuata nikarudi. Watanzania wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Baada ya majira kadhaa nilikuwa nateremka kile kilima kwa namna iliyofanya watu wasimame kutazama, na nilipenda watazame.

Mwenzangu aliposikia alifurahi sana. Yeye aliteleza tangu utotoni. Akanifundisha mtindo mwingine, ule usiotegemea kiti cha kamba cha kukuvuta juu: unabandika chini ya skii utepe wenye manyoya usiorudi nyuma, unapanda mlima kwa miguu yako, ukifika juu unaubandua na kuteremka. Majira yote ya baridi tulikwenda pamoja Jumamosi asubuhi. Huko alikuwa mtu mwingine kabisa, mcheshi, mwenye subira. Jumatatu kazini ananipita tena kama ukuta.

Mwezi wa tatu mkuu wa maabara alitangaza kwamba anastaafu. Kila mtu alijua nafasi yake itaangukia kwangu au kwa mwenzangu. Na wiki hiyo hiyo, mwenzangu alivuta kiti mezani kwangu akaniambia anataka twende Montana, tukapande mlima halisi na kuteremka korongo la theluji. Mwezi wa sita.

"Mwezi wa sita?" nikamwuliza. "Kuna theluji gani mwezi wa sita?"

"Ndiyo wakati wake," akasema. "Theluji ya huko juu inakuwa imeshindiliwa miezi mingi, imetulia. Usiku inaganda, asubuhi jua linalainisha ngozi yake ya juu. Tunapanda ikiwa ngumu, tunateremka inapoanza kulainika. Tukichelewa tu inakuwa uji, na uji ukianza kutembea hausimami."

"Mteremko wenyewe ukoje?"

Aliinamisha kiganja chake. Akaendelea kukiinamisha mpaka nikaacha kukitazama.

Nyumbani mume wangu alinisikiliza akiwa anakuna nazi. "Ngoja nielewe," akasema. "Mtu mnayegombea naye cheo anakualika mwende ninyi wawili tu, mahali pa kuanguka."

"Hujamjua. Si mtu mbaya."

"Nimesema ni mbaya? Nimeuliza tu."

Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, akainua macho kwenye simu yake akasema kwamba baba ana hoja.  Ukweli ni kwamba baba alikuwa amesema nilichokuwa nakifikiri mimi mwenyewe, na kilinikera zaidi kukisikia kwa sauti.

Mambo mengine yaliongezeka. Mwezi wa nne mwenzangu alinipa zawadi, jaketi la rangi ya chungwa, kali kiasi cha kuumiza macho. "Hili litaonekana," akasema. Nikashukuru, nikaenda chooni nikajitazama kwenye kioo nalo mwilini, nikajiuliza: lionekane na nani? Na waokoaji?

Mwezi wa tano tulikwenda kwenye bustani karibu na kwetu kufanya mazoezi ya vile vidude ambavyo kila mmoja huvaa kifuani, vinavyotoa mawimbi, ili ukifukiwa na theluji mwenzako akutafute kwa kufuata mlio. Tulivificha kwa zamu kwenye majani marefu. Majirani walipita na mbwa wao wakitushangaa. Mimi nilikipata cha kwake upesi. Yeye alikizunguka cha kwangu muda mrefu, akajikwaa kwenye benchi la bustani ambalo lilikuwa wazi kabisa, akakanyaga koleo aliloliweka chini mwenyewe. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu muda, nikafikiri: ningekuwa chini ya theluji ningekuwa nimeshakata roho, na huyu anacheka.

Kisha ikaja ile simu. Niliingia chumba cha chai pale kazini, naye alikuwa amesimama amenipa ubavu, karibu na dirisha, anaongea na mtu. Hakugeuka. Nikamsikia akisema: "Hapana, bado hajui. Nitamwambia tukiwa kule juu." Akasikiliza. "Kwa sababu nikimwambia hapa hatakuja."

Nilitoka kinyumenyume na kikombe changu kitupu.

Mpaka leo watu huniuliza: ulisikia hayo, na bado ukaenda? Nilienda. Nilikuwa nimeshajipa tafsiri yangu: cheo kimekuwa chake, ameshaahidiwa, na anataka kunipa habari mahali ambapo siwezi kuondoka nikabamiza mlango. Kiburi changu kikasema, twende, nikusikie ukiyasema. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mume wangu. Nilikuwa nimeona picha za lile korongo, mstari mweupe mwembamba kati ya miamba miwili mieusi, na nilikuwa naliota.

Mume wangu alipiga picha namba ya gari la mwenzangu, akaniandikisha majina ya mlima na barabara, akanifungia chapati kumi kwenye karatasi ya jikoni. Alipoagana na mwenzangu alimnyooshea mkono, na mkono ule ukakaa hewani sekunde mbili kabla haujapokelewa. Mume wangu akanitazama.

Ni safari ndefu kutoka Minneapolis hadi milima ile, mashamba na mashamba mpaka unasahau kwamba dunia ina vilima. Mwenzangu aliendesha mchana. Jua lilipoanza kushuka akaegesha kituo cha mafuta, akanipa funguo. "Jioni ni yako," akasema, kama mtu anayenigawia kitu kizuri. Siku ya pili ikawa vilevile. Nikalitia na hilo kwenye orodha yangu ya mashaka.

Tulilala kwenye hema chini ya mlima. Alfajiri tukavaa taa za kichwani tukaanza kupanda. Theluji ilikuwa ngumu kama sakafu. Tulifunga meno ya chuma chini ya viatu, skii mgongoni, na kila mmoja alikuwa na sururu ndogo ya barafu mkononi, ya kujishikiza ukiteleza. Mwanzoni nilidhani yeye atatangulia, maana ndiye aliyeujua mlima. Akasema, "Tangulia wewe. Nitakufuata."

Nikatangulia. Kila nilipokanyaga, alikanyaga pale pale. Niliposimama alisimama. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu na ule mlio wa chuma kikiingia kwenye barafu, na nikajikuta nawaza jambo la aibu, kwamba nyuma yangu kuna mtu mwenye sururu. Nilipanda kwa saa tatu nikiwa na wazo hilo. Nilijua ni upuuzi. Nilipanda nalo hivyo hivyo.

Tulipofika juu jua lilikuwa limeshatoka. Kulikuwa na tuta jembamba la theluji la kukaa watu wawili, na mbele yake dunia iliinama. Lile korongo lilishuka kati ya kuta za mwamba likapotea kwenye mpindo, na chini kabisa, dogo kama sarafu, likatokea ziwa ambalo bado lilikuwa na barafu. Nilichomeka kijiti cha skii kwenye theluji: ilikuwa imeanza kulainika, unene wa kidole. Ulikuwa wakati wenyewe.

Tukavaa skii. Akasema, "Tangulia."

"Hapana," nikasema. "Safari hii tangulia wewe."

"Ni afadhali wewe."

"Kwa nini?"

 Jiwe dogo lilibanduka ukutani, likashuka likirukaruka, tukalisikiliza mpaka likaisha.

"Nilikusikia kwenye simu," nikamwambia. "Bado hajui, nitamwambia tukiwa kule juu. Basi tuko juu. Niambie. Na kama ni cheo, kichukue, lakini usinitangulize mahali usipotaka kwenda wewe."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi anavyotazama. Hakuzungusha macho. Alizungusha kichwa kizima, polepole, mpaka akanipata.

"Ni macho yangu," akasema. "Yanakufa kuanzia pembeni. Daktari aliniambia kabla ya Krismasi. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Wewe nakuona. Miguu yangu siioni. Ukuta ule siuoni mpaka nigeuke. Na giza likiingia sioni kitu." Akavuta pumzi. "Lile jaketi nililinunua ili nikufuate. Nilitaka kuteremka hapa mara moja tu, kabla bomba halijaziba."

 Kila kitu nilichokuwa nimekiweka kwenye orodha yangu kilijitokeza kimoja kimoja, mkono hewani, korido, benchi, funguo za gari, na kila kimoja kilikuwa na maelezo. Ungedhani ningeona huruma. Nilipandwa na hasira.

"Umenileta hapa bila kuniambia," nikasema. "Nikianguka mimi, utanitafuta vipi? Ulishindwa kunitafuta kwenye nyasi!"

"Najua."

"Nina mtoto!"

"Najua. Nilikosea. Nilijua ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Na kwa nini mimi? Una marafiki mliokua pamoja kwenye theluji."

"Wao wangeniamini nikisema naona vizuri," akasema. "Wewe huamini kitu. Unakagua kifungo cha kiatu mara tatu. Nikafikiri, nikiwa nyuma ya mtu kama huyo nitafika chini."

Nilichomeka tena kijiti. Unene wa vidole vitatu. Kugombana kwetu kulikuwa kumekula dakika ambazo hatukuwa nazo. Kurudi kwa njia tuliyopandia kungekuwa na saa nyingi za kutembea chini ya jua, ubavu uleule ukiwa unayeyuka juu ya vichwa vyetu. Njia fupi ilikuwa ile ya mbele.

"Sikiliza," nikamwambia. "Nateremka kidogo, najibanza kwenye mwamba, nakuita. Huondoki mpaka nikuite. Nikisema simama, unasimama."

Nikaruka. Kona ya kwanza kwenye mteremko kama ule huikati kwa ujasiri, unaikata kwa sababu skii zimeshaelekea chini. Theluji ilikata vizuri, ikachuruzika pembeni yangu kama mchele. Nikakata kona nane, nikajibanza chini ya jiwe lililojitokeza, nikageuka, nikapaza sauti. Alikuja. Alikuja vizuri ajabu, magoti yake yakikumbuka kila kitu, kichwa kimelengwa kwangu tu kama mtu anayefuata taa. Nilikuwa namwita: kulia, sasa, kushoto, jiwe, sasa. Akafika.  Nikaruka tena.

Kwenye kipande cha tatu, pale korongo linapojipinda, nilisikia sauti juu, kama mtu anayeburuta gunia kubwa la mahindi. Mwenzangu alikuwa ameshaondoka, yuko nusu ya njia kuja kwangu. Nikapaza sauti, na Kiingereza chote kikanikimbia.

"Simama! Simama hapo hapo!"

Neno hilo hakuwahi kulisikia maishani mwake. Alisimama. Alichomeka kingo za skii kwenye theluji ubavuni mwa ukuta, akalala kwenye mwamba, na theluji iliyolowa ikapita mbele yake, nzito, ya polepole, pana kama barabara ya magari mawili, ikivuta mawe. Kama angekata kona moja zaidi ingemkuta katikati. Ilipita pia mita chache kutoka kwangu. Ilinuka udongo. Ilipokwisha, katikati ya korongo palibaki mfereji uliokwanguliwa mpaka kwenye barafu ya kijivu.

"Nini kimepita?" akaniuliza kutoka kule juu. Alikuwa ameisikia tu.

Nikamwambia. Akaniuliza kama sasa aje. Nikamwambia aje, nikaendelea kumwita, kona kwa kona, mpaka kwenye ukingo wa ziwa, ambako nilivua skii, nikakaa juu ya mawe, nikalia. Yeye alikaa mbali kidogo, akala chapati.

Niliendesha gari njia nzima ya kurudi, siku mbili. Hakuna aliyewasha redio. Tulipofika kwake aliniomba msamaha tena. Nikamwambia nimesikia. Sikusema nimesamehe, kwa sababu ingekuwa uongo, na tulikuwa tumeshakuwa na uongo wa kutosha kwenye gari lile.

Wiki iliyofuata mkuu wa maabara aliniita ofisini akanipa kile cheo. Nilimwuliza kuhusu mwenzangu. Alishangaa: alidhani najua. Mwenzangu alikuwa amemwandikia tangu mwezi wa nne kwamba asihesabiwe, na kwamba kama anataka mtu ambaye hadanganyiki, anichukue mimi. Nilirudi mezani kwangu, nikakaa nikimtazama mwenzangu akiandika, uso karibu na skrini. Nilikuwa nimempa miezi mitatu ya ubaya moyoni mwangu, na kwa sehemu kubwa sikuwa na haki. Lakini mlimani alinificha jambo ambalo lingeweza kuniua, na hilo nalo ni kweli. Sijaweza kufanya moja lifute lingine.

Aliacha kuendesha gari kabla ya theluji ya kwanza. Aliacha kazi mwaka uliofuata. Sasa anatembea na fimbo nyeupe, na Jumapili nyingine namchukua tukazunguke ziwa la karibu na kwetu. Mara moja moja anakuja kula kwetu. Mume wangu humpikia pilau, humwekea kijiko mkononi badala ya kukiacha mezani, humweleza nyama iko upande gani wa sahani. Akishaondoka, mume wangu huosha vyombo, kisha huniuliza kama safari hii amesema lolote kuhusu mlima mwingine. Namwambia hapana. Hunitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kuona kama nasema kweli.